Cheo Kisichotamkwa Nyumbani kwa Bi Liesbeth

Roswitha Uhlig hakuwa mtu wa kukaa. Hata mezani alikula kama aliyesikia mtu anabisha hodi: vijiko viwili vya viazi, kisha huyo dirishani, kipande cha mkate, kisha huyo mlangoni kutazama kama mvua inakuja. Mama yake, Bi Liesbeth, alishazoea.

"Kiti kina miiba?" angemuuliza.

Roswitha angerudi, akae, kisha ainuke tena kufuata chumvi ambayo ilikuwa mbele yake muda wote.

Kiangazi cha mwaka 1990 hali hiyo ilimzidi, wala hakuwa peke yake. Mji mzima wa Harthenbach, huko kwenye milima ya Saxony, ulikuwa haukaliki. Ukuta wa Berlin ulikuwa umeanguka, na nchi yao ya Ujerumani ya Mashariki ilikuwa inafungasha virago. Kila wiki kulikuwa na nyumba iliyoamka mapazia yamefungwa, na gari lao la Trabant halipo uani. Wenyewe wameondoka kwenda Magharibi bila kuaga. Watu waliobaki walizungumza wamesimama, mkoba begani, mtu anasema neno moja huku anatazama barabara.

Kilichowaweka hapo ni kiwanda cha brashi. Brashi za nguo, za viatu, za kusugulia sakafu, za kuoshea chupa za maziwa. Roswitha aliingia humo akiwa binti mdogo, akapanda hadi kuwa msimamizi wa zamu. Aliwahi kuolewa, ndoa ikavunjika, akarudi kwa mama yake na kulichukua tena jina la kwao. Watu walimpenda kwa sababu hakuwahi kuwatuma kazi aliyoikwepa yeye. Majira ya baridi mabomba yalipopasuka, ni yeye aliyelala chini kwenye maji ya barafu na spana mkononi, akilitukana bomba kama mtu.

Mwezi Juni mkurugenzi wa zamani, mtu wa chama tawala, aliaga ghafla akaenda Nuremberg kuuza bima. Na tangu Julai, walivyoambiwa, viwanda vyote vya serikali vingegeuzwa makampuni. Sheria ilitaka kila kampuni iwe na mtu mmoja wa kuwajibika. Wafanyakazi wakaitwa kantini.

"Sasa nani?" aliuliza fundi Egon Kluge, mzee mwenye sikio moja zito, kwa sauti ya kusikika hadi jikoni. "Mimi nishasema, akija mtu wa Magharibi na tai yake, nitamfagia kwa brashi zetu wenyewe."

Watu wakacheka. Ndipo Sigrun Meinel, aliyekaa benchi moja na Roswitha tangu ujana wao, akasimama juu ya kiti.

"Tunahangaika nini? Roswitha si huyo hapo!"

"Mimi? Sigrun, shuka, utavunjika kiuno."

"Nishuke wapi? Nani anayejua mashine zote? Nani anayejua nani anaumwa na nani anajifanya?"

"Anayejifanya ni wewe!" mtu akadakia nyuma, kantini nzima ikaangua kicheko, na katika kicheko hicho mikono ikaanza kupanda juu. Roswitha aliitazama mikono ile. Alitaka kusema hapana. Alifungua kinywa, na kilichotoka ni: "Basi mtanisaidia."

"Mkuu wetu huyo! Simameni wima!" Egon akapiga kelele, na wakampigia makofi.

Jioni, mezani, alimwambia mama yake. Bi Liesbeth alikuwa anamenya viazi vya kuchemsha, na bakuli la jibini laini lililotiwa mafuta ya kitani liko tayari.

"Wamekupa cheo gani?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Geschäftsführerin."

Kisu kikasimama. Neno hilo, la kumwita meneja wa kampuni, ni maneno mawili yaliyoshonwa pamoja, na hilo la pili, Führer, yaani kiongozi, ndilo lile ambalo Hitler alijiita. Katika nchi iliyokuwa ikifa, wakubwa walikuwa wamejitahidi kulifagia. Hata leseni ya gari, ambayo Magharibi ina neno hilo ndani yake, huku ilipewa jina jingine. Roswitha alikuwa amekulia katika nchi ambayo kiwanda kilikuwa na mkurugenzi. Sasa neno lilikuwa linarudi na pesa za Magharibi na ndizi za Magharibi, na vijana walilitamka kama wanavyotamka meza au kikombe.

Bi Liesbeth akaweka kisu chini. "Neno hilo halilali humu ndani."

"Mama, ni sheria tu. Kampuni lazima iwe na mtu wa jina hilo."

"Basi likalale kwenye kampuni. Nenda nalo."

"Unanifukuza?"

Bi Liesbeth akainuka. Alichukua sahani yake, akaenda kula jikoni kwa kusimama.

Tangu siku ile Bi Liesbeth hakumsemesha binti yake. Alimsemesha paka. "Mwambie mkubwa kahawa iko tayari," angesema, paka akimtazama kwa mashaka. "Mwambie mkubwa asiache viatu vyenye matope mlangoni." Mwanzoni Roswitha alicheka. Baada ya wiki moja hakucheka tena. Alizunguka nyumba, akashuka kwenye ghala la viazi bila haja, akapanda, akatoka, akaufuata mto hadi kwenye kinu cha zamani, akageuka. 

Jumapili moja miguu yake ikampeleka kwa Mwalimu Gottfried Seyfert, aliyemfundisha lugha shuleni na sasa alikuwa mstaafu wa kufuga nyuki. Alimkuta amevaa wavu usoni, akifukiza mizinga.

"Uhlig! Simama hapo hapo. Ukitembeatembea watakuuma."

"Mwalimu, kusimama ndiko nisikoweza."

Akamweleza. Mzee akavua wavu, akaketi juu ya mzinga mtupu, na uso wake ukachangamka kama wa mtu aliyeletewa keki.

"Tulipasue basi. Nusu ya kwanza, Geschäft. Leo ukilisikia unawaza duka na faida, sivyo? Zamani halikuwa na duka ndani yake. Linatokana na schaffen, kufanya, kuumba. Kule kusini mpaka leo mtu anayekwenda kazini husema anakwenda schaffen. Kwa hiyo Geschäft ni kile ulicho nacho mikononi, shughuli iliyokuamsha asubuhi."

"Na ile s katikati?"

"Hiyo ni uzi tu, inashona vipande viwili."

"Na kipande kile kingine?"

Mwalimu akafuta jasho. "Fahren unalijua, ni kwenda, kusafiri. Ukikifanya kitu kiende, hapo ndipo lilipozaliwa führen."

Ni kama sisi katika Kiswahili tunavyozaa endesha kutoka kwa enda. Mwalimu akaendelea kusema kwamba wahenga walilitumia neno hilo kwa mwenye gari la farasi na kwa mtu anayepeleka mzigo ng'ambo ya mlima. Mpaka leo dereva wa treni analo, na anayeongoza wapanda milima analo.

"Kwa hiyo mimi ni nani?" aliuliza Roswitha.

"Wewe ni mwendesha shughuli. Unafanya kazi iende. Basi. Neno lenyewe halijaua mtu, Uhlig."

Roswitha alirudi nyumbani mbio mbio. Alimkuta mama yake amekaa kwenye benchi la jiko la vigae linalopasha nyumba joto, akifuma soksi. Akamwambia yote, amesimama, bila kuvua koti: kazi ya mikono, gari la farasi, mlima, uzi wa katikati. Bi Liesbeth alimsikiliza hadi mwisho. Kisha, kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili, alimtazama yeye na si paka.

"Seyfert amekwambia lilikotoka. Mimi nitakwambia lilikopita. Kaa."

Roswitha akakaa.

"Mimi na dada yangu Trude tuliingia kiwanda hiki hiki. Mwenye kiwanda alikuwa Bwana Barthel. Mtu wa kawaida kabisa. Ukikohoa anauliza kikohozi. Mke wake alitutengenezea sharubati ya maua. Kisha, miaka ya Hitler, ikaja sheria kwamba kila mwenye kiwanda ni Führer wa kiwanda chake, na sisi si wafanyakazi tena, sisi ni wafuasi. Imeandikwa hivyo, wafuasi. Asubuhi tunapangwa uani, anapanda kwenye ngazi, anatuhutubia."

"Barthel?"

"Barthel. Siku ya kwanza aliona aibu, nakuapia. Alikuwa anashikashika kofia, anatazama viatu vyake. Tulimwonea huruma. Baada ya mwezi sauti ikapata nguvu. Baada ya mwaka hakuuliza kikohozi cha mtu. Lile neno lilikuwa koti kubwa mno kwake, Roswitha, na mimi nilimwona kwa macho yangu anavyokua mpaka likamtosha."

Sindano za kufumia zilikuwa zimelala mapajani.

"Siku moja upepo ukaichukua kofia yake katikati ya hotuba. Ikabingirika uani kama kuku. Trude akacheka. Unajua, hukuwahi kumsikia Trude akicheka. Alikuwa anacheka kwa tumbo. Basi. Kesho yake polisi wakaja kumchukua. Alirudi majira ya baridi yakiwa yamekwisha, akaenda kuishi kwa shangazi Zwickau, na kicheko kile sikukisikia tena hadi tulipomzika."

"Ni Barthel aliyemshitaki?"

"Nani mwingine? Na nitakwambia kinachoniogopesha. Hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya tangu mwanzo ningelala usingizi."

 Roswitha alitaka kuinuka, akajilazimisha asiinuke.

Julai ikaja na pesa mpya, mark ya Magharibi. Kufumba na kufumbua, maduka yakatupa bidhaa za huku kwenye majalala na kujaza rafu kwa zile za ng'ambo. Brashi zile zile ambazo akina mama wa Leipzig walizipangia foleni hazikutazamwa tena. Wateja wa Moscow wakanyamaza. Roswitha akawa hana mchana wala usiku: leo Chemnitz, kesho Dresden, keshokutwa anabisha kwenye milango ya maduka ya Bavaria, sanduku la sampuli mkononi, akiambiwa kwa tabasamu kwamba ni brashi nzuri sana, na kwaheri.

Kiwandani akapewa ofisi ya juu, yenye dirisha linalotazama ua. Alijikuta anasimama hapo, mikono nyuma, akihesabu nani kachelewa. Siku moja Sigrun alipanda kumweleza kwamba mashine ya kutoboa mbao inatoa moshi.

"Si sasa, Sigrun. Huoni nina kazi?"

"Naona, Bi Uhlig," Sigrun akasema, akashuka.

Bi Uhlig. Miaka yote ile ya benchi moja, chai moja, sasa Bi Uhlig. Roswitha alitoka mbio hadi kwenye ngazi kumwita, kisha simu ikalia, akarudi.

Oktoba nchi mbili zikawa moja, na mshauri akaja kutoka Magharibi, Bwana Terhorst, mwanamume mpole mwenye soksi za rangi. Alizungumza naye vizuri, akampitisha katika hali ilivyo, na mwisho wake ulikuwa mmoja: wafanyakazi wengi, zaidi ya nusu, lazima waende nyumbani, la sivyo Krismasi haitakuta mtu hata mmoja kiwandani.

"Namna ya kufanya ni hii," alisema. "Waite wote uani asubuhi. Hotuba fupi. Majina yanasomwa. Ni kama kubandua plasta, Bi Uhlig. Ukivuta polepole unawatesa."

Na Roswitha, aliyekuwa amechoka hadi kwenye mifupa, akaona ni kweli. Usiku huo alimwambia mama yake kesho kutakuwa na mkutano uani, kuhusu kazi. Bi Liesbeth akaitika kwa kichwa, akaenda kulala mapema.

Asubuhi kulikuwa na ukungu. Kutoka dirishani Roswitha aliwaona wakitoka karakanani mmoja mmoja, wakivuta makoti, wakijipanga bila kuambiwa, kama watu wanavyojipanga wakiogopa. Bwana Terhorst alikuwa tayari ameshika orodha ya majina. Ndipo akamwona mama yake.

Bi Liesbeth alikuwa amesimama mstari wa pili, kati ya Egon na Sigrun, amevaa joho lake la kazi la buluu ambalo alistaafu nalo, limepigwa pasi. Hakuwa anaongea na mtu. Alikuwa ameinua uso, anatazama ngazi ambayo msemaji angesimama juu yake.

Roswitha alishuka kwa mlango wa nyuma, akauvuka ua hadi kwake.

"Mama, unafanya nini hapa?" alinong'ona. "Utaniaibisha."

"Sikuja kukuaibisha. Nimekuja kusimama. Najua pa kusimama."

"Utapata baridi."

"Basi hutubu haraka."

Egon, ambaye sikio lake halikudaka chochote, aliuliza kwa sauti kubwa, "Anasema nini? Imeshaanza?" Watu wachache wakacheka kwa woga, na kicheko kikakatika mara moja. Roswitha alikisikia kilivyokatika. Akageuka akaitazama ngazi, na Bwana Terhorst aliyekuwa anamwashiria apande.

"Rudini ndani!" akasema. Sauti haikutoka vizuri, akarudia. "Rudini kwenye mabenchi yenu, kuna baridi. Nitakuja mwenyewe kwa kila mtu."

"Bi Uhlig," Bwana Terhorst akamshika kiwiko, "hii itakuchukua wiki nzima."

"Itachukua."

Ikachukua. Alivuta kiti benchi hadi benchi. Yeye ambaye hakuweza kukaa mezani hadi mwisho wa mlo alikaa kwa kila mtu mpaka mtu huyo mwenyewe amalize. Mwanamke mmoja alimshika mikono akalia. Mwingine alimrushia brashi, ikampata shavuni, naye akaiokota akairudisha mezani. Egon alimsikiliza kwa sikio lake zima.

"Ina maana unanifukuza."

"Ndiyo, Egon."

"Sema kwa nguvu, nisije nikadai sikusikia."

"Ninakufukuza, Egon. Nisamehe."

"Angalau umesema," akajibu mzee, akaanza kukusanya zana zake, akizifuta moja moja.

Ndipo lilipomwingia neno lile la Mwalimu Seyfert, lakini kwa ubaya. Mwendeshaji ni anayefanya vitu viende. Na hawa hapa, watu aliokua nao, ndio aliokuwa akiwafanya waende. Alikwenda chooni akanawa uso, akarudi kwenye benchi lililofuata.

La mwisho lilikuwa la Sigrun. Alikuwa ameliahirisha siku hadi siku.

"Umekuja, Bi Uhlig."

"Niite jina langu."

"Jina lako ndilo nililopigia kelele kule kantini." Sigrun hakuinua macho; vidole vyake viliendelea kufunga nywele za farasi kwenye mbao. "Wote wanasema umetuheshimu kwa kuja. Na ni kweli. Lakini mimi, ukiniuliza, ningetaka tu ubaki pale benchini pamoja nami tufukuzwe wote wawili."

"Na mimi ningetaka hivyo."

"Mwongo. Ulitaka kujaribu."

Sigrun alimjua Roswitha kuliko Roswitha alivyojijua. Ni kweli alitaka kujaribu. Tangu siku ya makofi kulikuwa na kitu ndani yake kilichotaka kuona kama ataweza. Sigrun alimaliza brashi ile, akakata ncha zikawa sawa, akaiweka pamoja na nyingine. Kisha akavua joho akaondoka.

Kiwanda hakikufa. Watu wachache waliobaki, waliotosha karakana moja, waligeukia brashi ambazo mashine kubwa hazipendi kuzitengeneza: za waoka mikate, za wasafisha mabomba ya vinanda vya kanisa, za wanaokarabati picha za kale. Wateja wakaja pole pole, wa kwanza akiwa mwoka mikate wa Bamberg mwenye maneno mengi. Roswitha aliiacha ofisi ya juu kwa panya, akaweka meza yake kona ya karakana, ambapo vumbi la mbao lilimfanya apige chafya kutwa. Kila mwezi alingojea kuambiwa kwamba mambo yamekwisha. Hakuna mwezi alioambiwa hivyo, lakini naye hakuacha kuungojea.

Nyumbani mama alirudi kumsemesha, paka akapumzika. Cheo cha binti yake, hata hivyo, hakukitamka kamwe. Walipowekewa simu, mtu mmoja alipiga akiomba kuzungumza na Geschäftsführerin.

"Hapa hakuna mtu wa namna hiyo," Bi Liesbeth akajibu. "Kuna binti yangu. Ngoja nimwite, yuko darini anahangaika na vigae."

Na kila Jumapili baada ya chakula, Roswitha alipanda mtaa wa kanisa hadi nyumbani kwa Sigrun, ambaye sasa alikuwa anafanya usafi kwenye hoteli moja mpakani. Alibonyeza kengele. Pazia lilisogea, mlango haukufunguliwa. Alingoja, akitembea huku na huko mbele ya lango mpaka mbwa wa jirani akamzoea, kisha akarudi. Majirani walisema anajidhalilisha. Mama yake alisema aache, asipate mafua. Yeye aliendelea, mvua na theluji, kwa sababu Jumapili bila safari ile ilimkaa vibaya kuliko mlango uliofungwa.

Mwaka wa pili, Jumapili ya mwisho kabla ya Pasaka, theluji ikiyeyuka na mitaa ikiwa tope tupu, alikuwa ameshageuka kuondoka aliposikia kitasa. Sigrun alikuwa mlangoni, amejifunga kitambaa kichwani, mikono ina unga.

"Bado unazunguka tu kama kuku?" akauliza.

"Sijui kufanya vingine."

Sigrun alimtazama kuanzia juu hadi chini, mpaka kwenye viatu.

"Vua hivyo hapo nje. Nimepiga deki sasa hivi."